Spoku Kwanza, Nyundo Baadaye

Ringi ya baiskeli ikibonyea, mwenye baiskeli huona njia mbili tu: aigonge kwa nyundo au anunue nyingine. Sura hii inatetea njia ya tatu, ambayo huanzia kwenye spoku. Hoja yenyewe ni kwamba sehemu kubwa ya ubovu tunaoulaumu kwenye ringi unatokana na mvutano wa spoku uliopotea, na hata pale chuma cha ringi kilipoumia kweli, hakinyooki sawasawa kama spoku hazijaguswa kwanza. Anayeanza na nyundo hupata ringi inayopendeza macho kwa siku chache. Anayeanza na spoku hupata gurudumu. Nimeichagua Kolo, wilayani Kondoa, iwe kipimo cha hoja hii, kwa kuwa sijui mahali pengi ambapo ardhi, mizigo na hali ya hewa vinaihoji ringi kwa ukali kiasi hicho na wakati huohuo vinampa fundi sababu nzuri za kuitengeneza.

Wageni wanaijua Kolo kwa michoro ya mwambani, ile iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwendesha baiskeli anaijua miamba hiyohiyo kwa sababu nyingine. Mawe yaliyowapa wachoraji wa kale kuta na vivuli ndiyo yanayochomoza katikati ya njia za kupanda na kushuka mtelemko wa Irangi. Chini ya mtelemko mambo hugeuka yakawa mchanga. Nchi hii ililiwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, kilometa za mraba 1,256. Miti ilirudi, lakini makorongo na mito ya mchanga bado ipo, na baiskeli lazima iivuke. Mwenye kusukuma baiskeli mchangani hupunguza upepo ili tairi lisizame. Akitoka ng'ambo na kupanda njia ya mawe bila kujaza tena, tairi lile laini hubanwa kati ya jiwe na ringi, na pigo lote hupokewa na chuma. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018 na kupita Kolo, imeondoa mashimo kwenye barabara kuu, lakini imeleta mambo yake: mwendo wa kasi, matuta, na ule ukingo mkali wa lami ambao mwenye baiskeli hushuka kwa ghafla lori linapopiga honi nyuma yake. Lami haijaimaliza kazi ya fundi wa ringi. Imebadilisha tu mahali pigo linapotokea.

Kisha kuna mzigo. Dumu moja la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, hivyo madumu manne ni kilo 80. Ongeza mwendeshaji wa kilo 60 na baiskeli ya chuma ya kama kilo 20, unapata kilo 160, na kwa kuwa keria iko nyuma, zaidi ya kilo 100 kati ya hizo hukaa juu ya gurudumu moja. Gunia la alizeti au la mahindi halina huruma zaidi. Gurudumu la inchi 28 huzunguka mara moja kila baada ya mita mbili na ushee, maana yake safari ya kilometa 10 ni mizunguko 4,500 hivi, na katika kila mzunguko kila sehemu ya ringi hupita mara moja chini kabisa, pale uzito unapokanyagia. Hesabu hii ni muhimu kuliko pigo la jiwe. Jiwe hugonga mara moja, lakini kasoro iliyoachwa na jiwe hurudiwa mara 4,500 kabla mtu hajarudi nyumbani.

Ili kuona kwa nini spoku ndizo zenye neno la mwisho, inabidi tukumbuke gurudumu hili linasimamaje. Gurudumu la mkokoteni lina vijiti vya mbao vinene, na ekseli imesimama juu ya kile kilicho chini, kama nguzo. Spoku ya baiskeli ni waya wa milimita mbili tu. Ukiusimamisha na kuukanyaga utapinda papo hapo. Ubunifu wa karne ya 19, uliofikia umbo lake la leo James Starley wa Coventry alipopata hataza ya spoku za kukingama mwaka 1874, ulikuwa ni kuzivuta waya zote kabla ya safari, kila moja kwa nguvu ya makumi ya kilo, ili ringi ibanwe kuelekea katikati kutoka pande zote. Mzigo ukipanda, spoku chache za chini hupunguziwa mvutano kidogo, na nyingine karibu hazibadiliki. Mhandisi Jobst Brandt alilionyesha jambo hili kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu gurudumu la baiskeli, na mafundi wengi waliposoma walikataa kuamini, kwa kuwa ni vigumu kukubali kwamba waya unaweza kubeba mzigo kwa kulegea. Anayekifahamu kitanda cha kamba hahitaji hesabu ndefu: fremu yake ni fito tu, na uimara wote umo katika kamba zilizokazwa sawasawa, kamba zikilegea upande mmoja, fito huanza kupinda zenyewe bila mtu kuzigonga.

Sasa tuingize jiwe. Ringi ikigongwa ikabonyea kuelekea kwenye habu, umbali kati ya ringi na habu mahali pale hupungua, na spoku tatu au nne zilizoko hapo hulegea. Fundi huzungusha gurudumu, hupapasa spoku, huzikuta zimelegea, na mkono wake huenda wenyewe kwenye spana ya spoku kuzikaza. Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika. Spoku inavuta tu, haiwezi kusukuma. Kuzikaza zile zilizolegea ni kukivuta kibonyeo ndani zaidi, na kama ringi inayumba pia kando, kuzikaza kwa upande mmoja hunyoosha kule kuyumba na kuuficha ule ubapa. Gurudumu huonekana limepona. Likibeba madumu manne, ule ubapa huanza kudunda, spoku za jirani hubeba kazi isiyo yao, na moja hukatika, mara nyingi pale kwenye kiwiko chake karibu na habu, mbali kabisa na mahali jiwe lilipogonga. Mwenye baiskeli husema spoku za siku hizi ni feki. Huenda ni feki kweli, lakini si hizo zilizoanza.

Kwa hiyo utaratibu wa kazi unajitokeza wenyewe kutokana na sababu. Tairi, tyubu na utepe wa ndani huondolewa kwanza, maana ringi iliyovaa tairi hudanganya. Kipimo hakihitaji mashine: msumari uliofungwa kwenye uma kwa kipande cha tyubu kuukuu, ncha yake ikikaribia ringi bila kuigusa, unatosha kuonyesha ringi inakwenda kando wapi na inapanda au kushuka wapi. Alama huwekwa kwa chaki. Nati ndogo za spoku, ambazo kwa vumbi la Kolo huwa zimekwama, hutiwa tone la oili iliyochanganywa na mafuta ya taa na kuachwa zinywe. Fundi asiyesubiri hapa hukata spoku au hula pembe za nati, halafu hulazimika kufanya kazi mbili. Ikiwa tatizo ni kuyumba kando tu bila ubapa, nyundo haina kazi kabisa. Pale ringi inapokwenda kulia, spoku zinazotoka upande wa kulia wa habu hulegezwa kidogo na za kushoto hukazwa kidogo, na neno lenye uzito hapo ni kidogo. Uzi wa spoku una mizunguko 56 katika inchi moja, hivyo mzunguko mzima wa nati husogeza chini ya nusu milimita, na robo mzunguko husogeza sehemu ya kumi ya milimita. Robo mzunguko inaonekana si kitu mkononi, lakini ukiirudia kwenye spoku nne ringi inakuwa imesogea kwa kiasi unachokiona. Ringi nyingi zilizopiga nane kwenye kivuli cha fundi hazikupigwa nane na jiwe. Zilipigwa nane na mtu mwenye haraka aliyekaza kwa mzunguko mzima mzima.

Ubapa ndio unaohitaji nyundo, na hata hapo nyundo inangoja zamu yake. Spoku za mahali palipobonyea, pamoja na moja au mbili za kila upande, hulegezwa mpaka zisivute kitu, ili chuma kiwe huru kurudi kilikotoka. Kisha kigogo cha mbao ngumu, mninga kwa mfano, huchongwa kipate umbo la mgongo wa ringi, huwekwa upande wa ndani kati ya spoku, na hugongwa kuelekea nje kwa mapigo mafupi. Nyundo isiguse chuma moja kwa moja, maana kibonyeo kipana kinaweza kunyooshwa lakini kovu kali la uso wa nyundo linabaki. Chuma kina tabia ya kurudi nyuma kidogo baada ya pigo, kwa hiyo ringi husukumwa ipite mstari kwa unywele tu ili ikirudi ikae mahali pake. Baada ya hapo spoku hukazwa kwa zamu, ubapa kwanza, kuyumba baadaye, tena ubapa, mpaka msumari unapita karibu sawa pande zote. Kipimo cha mwisho ni sikio. Spoku zikipigwa kwa kucha, za upande mmoja zinapaswa kutoa mlio unaokaribiana. Inayonguruma kati ya zinazolia imelegea, hata kama ringi imenyooka. Fundi makini huzibana spoku mbili mbili kwa viganja, huzisikia zikikwaruza na kukaa, hupima tena, na hukata kwa tupa ncha zozote zilizochomoza kwenye nati, la sivyo pancha ya kesho itakuwa ni ya kwake.

Mdomo wa ringi, ile kingo inayoshika tairi, una hukumu yake, na hukumu hiyo inategemea breki. Kwenye baiskeli za mtindo wa zamani, kama Phoenix za Shanghai au Avon na Hero za Ludhiana, zenye vyuma vya breki vinavyoshuka kutoka kwenye usukani, mpira wa breki hubana upande wa ringi unaotazama habu. Mdomo uliopinda nje kidogo hauugusi mpira huo kabisa, na kasoro ya milimita mbili kando haimsumbui mtu. Kwenye baiskeli za breki za waya, mpira hubana ubavu wa ringi, na kibonyeo hichohicho huishika breki kwa mshtuko katika kila mzunguko, jambo ambalo kwenye mtelemko linaweza kumrusha mtu. Jiwe moja, dhara moja, na majibu mawili tofauti. Mdomo hurudishwa kwa spana malaya iliyobanwa ikashika unene wa chuma, ikisukumwa taratibu kutoka ncha za mkunjo kuja katikati, kisha hupitishiwa tupa na msasa ili makali yasile tairi.

Pingamizi la kwanza ni la mwenye fedha: kwa nini kuhangaika, ringi mpya ipo dukani? Lina uzito, lakini linasahau kwamba dukani haliuzwi gurudumu. Kwenye baiskeli hizi za mizigo, kwa desturi ya Kiingereza iliyofuatwa hadi leo, gurudumu la nyuma lina spoku 40 na la mbele 32. Kubadilisha ringi ya nyuma ni kufungua nati 40 zilizokwama, kusuka upya spoku 40, na kuzivuta zote zilingane. Ringi mpya ya bei nafuu nayo haitoki kiwandani ikiwa duara kamili, na ikiwa kina chake si sawa na cha ile ya zamani, spoku zote zitakuwa ndefu mno au fupi mno. Kazi ngumu kuliko zote, yaani kusawazisha mvutano, ni ileile kwa ringi mpya na kwa ya zamani. Fundi asiyeweza kunyoosha spoku nne hatakuwa bingwa akikabidhiwa 40. Ringi mpya haimwokoi mtu na fundi mbaya. Humpa tu nafasi pana zaidi ya kukosea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Chuma kilichopindwa kikanyooshwa si kile cha mwanzo. Ni kweli. Kila kinapopindwa huwa kigumu zaidi mahali pale na uwezo wake wa kupindwa tena hupungua, mpaka siku kinapopasuka. Lakini chuma laini cha ringi hizi kina akiba kubwa ya kunyumbulika, na kibonyeo kimoja kidogo hakiimalizi. Aluminiamu ya ringi nyepesi ina akiba ndogo zaidi, na ndiyo maana sura hii haisemi neno la kuitia moyo nyundo juu yake. Zaidi ya hayo, mashaka haya yanaweza kupimwa badala ya kubishaniwa. Sehemu iliyonyooshwa hupakwa mafuta ya taa, huachwa yapenye, hufutwa ikauke kabisa, kisha hupakwa unga wa chaki. Kama kuna ufa usioonekana, mafuta yaliyojificha humo hutoka na kuchora mstari kwenye weupe wa chaki. Karakana za reli zilikagua vyuma kwa njia ya namna hii kabla ya vifaa vya kisasa, na kila kitu kinachohitajika kipo kwenye duka la kijiji. Ufa ukionekana, au tundu la spoku likianza kuchanika, mjadala umekwisha: ringi ikawe kitu cha watoto kukimbiza. Kuchomelea si jibu. Bati la ringi ni jembamba, moto hulitoboa au hulivuta likapinda upya, na moshi wa mipako yake si wa kuvuta mapafuni.

Hapa hali ya hewa ya uwanda wa kati inaingia upande wa fundi. Adui mkubwa wa ringi ya chuma ni kutu, hasa ile inayokula kwa ndani chini ya utepe ambako hakuna anayetazama. Kondoa ina msimu mmoja wa mvua, na miezi mingi ya mwaka ni mikavu. Ringi ya Kolo ikibonyea, kwa kawaida bado ina unene wake. Ringi iliyokaa Tanga au Unguja, ikipigwa na upepo wa chumvi, inaweza kuwa imebaki ganda, na kuinyoosha huko ni kupoteza muda. Kwa hiyo anayenakili ushauri huu pwani bila kukwangua kwanza upande wa ndani wa ringi atakuwa ameunakili vibaya.

Linabaki pingamizi la bodaboda: nani anahangaika na baiskeli siku hizi? Pikipiki imechukua abiria na haraka, sikatai. Haijachukua madumu ya maji wala mzigo wa mtu asiye na fedha ya petroli ya leo. Na pikipiki nyingi zinazobeba abiria vijijini zenyewe zinatembea juu ya spoku, nene zaidi lakini zikitii kanuni ileile. Fundi aliyejifunza kusikiliza spoku ya baiskeli hana la kujifunza upya isipokuwa nguvu ya mkono.

Mahali ninapokubali kushindwa ni gurudumu la mbele. La nyuma likivunjika, baiskeli hukaa chini na mtu huona haya. La mbele likikunjana kwenye mtelemko, mtu huenda kwa uso. Kwa hiyo kipimo kinachotosha nyuma hakitoshi mbele, na ringi ya mbele iliyokwisha kunyooshwa mahali palepale mara moja, ikibonyea tena hapohapo, mimi ningeitoa. Ikiwa bado haina ufa na mwenyewe hana fedha ya nyingine, ihamishiwe kwenye toroli la kubebea kuni, ambalo haliendi kasi kuliko mguu wa anayelisukuma.